Rangi Isiyopakwa: Bati la Walikale, Tantalamu ya Masisi na Msamiati Wetu

Fremu ya dirisha ya alumini yenye rangi ya shaba nyeusi haikupakwa rangi. Makala haya yanaeleza rangi hiyo ilivyopatikana, na kwa nini kitenzi "kupaka" hakitoshi kuieleza. Suala hili linawahusu Waswahili kwa karibu, kwani madini yanayohusika huchimbwa na wasemaji wa lugha hii huko Kivu ya Kaskazini.

Alumini hutumbukizwa katika tindikali ya salfa na kuunganishwa na ncha chanya ya umeme, yaani anodi. Uso wake hugeuka kuwa utando mgumu wa oksidi wenye matundu madogo mno. Matundu hayo yaweza kunyweshwa rangi kama nguo inavyonyweshwa, lakini rangi nyingi za namna hiyo hupauka juani. Njia ya pili ni kutumbukiza alumini katika mchanganyiko wenye chumvi ya bati na kupitisha umeme geu. Chembe za bati hutua chini ya matundu na kumeza mwanga; kadiri muda unavyozidi, rangi hutoka dhahabu hafifu hadi shaba nyeusi, kisha nyeusi kabisa. Hatimaye matundu huzibwa kwa maji ya moto.

Bati hilo hutokana na kasiterite, madini yachimbwayo Bisie, wilayani Walikale. Mgodi wa kisasa wa huko ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019. Mwezi wa Machi 2025 kazi zilisimama vita vilipokaribia, zikaanza tena mwezi uliofuata. Bati likishayeyushwa na kuchanganywa na la nchi nyingine, asili yake haitambulikani tena kwa macho.

Huko Masisi, koltani ya Rubaya, mji uliotwaliwa na waasi wa M23 mwezi wa Aprili 2024, hutoa tantalamu. Metali hii nayo hufanywa anodi, lakini rangi zake hazihitaji chembe wala dawa yoyote. Volti zikiongezwa, utando huongezeka unene, na mwanga unaorudi kutoka nyuso zake mbili huonyesha buluu, zambarau, manjano au kijani. Utando huohuo ndio kihami ndani ya kapasita za simu.

Basi tunazo rangi za namna tatu: ya kunyweshwa, ya kutuamishwa na ya unene wa utando. "Kupaka" huzifuta tofauti hizi zote. Neno "bati" nalo lina utata, kwa kuwa wengi hulielewa kuwa ni bamba la kuezekea, ambalo kwa kawaida ni chuma kilichofunikwa zinki. Yafaa walimu waseme "metali ya bati" na "bamba la kuezekea". Mchimbaji wa Walikale anastahili kuelezwa kwa lugha yake jiwe lake linageuka kuwa nini.