Damu na Mizigo Yake

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Zaidi kidogo ya nusu yake ni plazma, majimaji ya manjano hafifu ambayo kwa sehemu kubwa ni maji. Chochote kinachoyeyuka majini husafiri humo bila taabu: chumvi, glukosi, na yurea ambayo ini huitengeneza na figo huichuja ikatoka na mkojo.

Kazi iko kwenye oksijeni. Gesi hii huyeyuka kidogo mno katika maji. Ingebebwa na plazma peke yake, hata mtu aliyelala kitandani asingepata ya kumtosha. Takriban asilimia 98 yake huchukuliwa na hemoglobini, protini yenye madini ya chuma iliyojaa ndani ya seli nyekundu. Molekuli moja ya hemoglobini hushika molekuli 4 za oksijeni. Uhodari wake lakini si kushika tu, ni kujua pa kuachia: mapafuni hunasa, na kwenye msuli unaofanya kazi, penye joto na asidi zaidi, hulegeza. Madini ya chuma yakipungua mwilini, hemoglobini nayo hupungua, na mgonjwa huhema kwa kupanda ngazi chache tu.

Hemoglobini ina udhaifu mmoja mkubwa. Monoksidi ya kaboni huing'ang'ania kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, tena haina rangi wala harufu. Jiko la mkaa likiachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa, waliolala humo huweza kufa bila kushtuka, ilhali oksijeni bado imo chumbani.

Kabonidioksidi hupita njia nyingine. Sehemu ndogo hushikwa na hemoglobini, lakini takriban asilimia 70 hugeuzwa bikabonati ndani ya seli nyekundu kwa msaada wa kimeng'enya, ikaenda na plazma hadi mapafuni, inakorudi kuwa gesi na kutolewa kwa pumzi.

Visivyopatana na maji huhitaji mbebaji. Bilirubini, rangi itokanayo na seli nyekundu zilizochakaa, hupelekwa kwenye ini na protini iitwayo albumini, na dawa nyingi hudandia hiyohiyo. Mafuta hufungashwa pamoja na protini katika vifurushi vidogo sana. Baada ya mlo wenye mafuta mengi vifurushi hivyo huzidi, hata plazma iliyotengwa maabara huweza kuonekana nyeupe kama maziwa. Ndiyo maana anayekwenda kupimwa mafuta ya damu mara nyingi huambiwa afike asubuhi kabla ya kula chochote.