Chombo cha Send-off

Nimezoea kukaa kwenye ukurasa huu nikichambua ndoa za watu, wachumba wa watu na mawifi wa watu. Mwezi huu ni zamu yangu, na kisa chenyewe kinaanzia kwenye gogo la mjakaranda.

Mdogo wangu alitangaza mwezi wa kwanza kwamba send-off yake ni mwezi wa tisa. Kamati ikaanza mambo yake, si unajua tena: ukumbi, mapambo, keki, sare. Nikampigia simu kumuuliza anataka zawadi gani, nikitegemea atasema friji. Akasema, "Dada, nataka chombo cha mti, cha pambo. Baba akikereze, wewe ukichonge." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baba yetu ni fundi wa kukereza. Kama neno ni geni kwako, kukereza ni kuuzungusha mti kwenye mashine huku umeshika patasi, unaukata mpaka unakuwa mviringo. Miguu ya meza, nguzo za vitanda na vishikio vya ngazi hupita huko. Karakana yake iko Nyakato, Mwanza, na pesa ya maranda yale ndiyo iliyonilipia ada mpaka nikapata shahada yangu ya mawasiliano pale SAUT, Nyegezi.

Sasa sikia nilichokifanya. Chuoni nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba mzee ni mfanyabiashara wa fanicha. Si uongo sana, eti? Mwaka wa pili, kijana mmoja wa darasani (ndiyo, nilikuwa nampenda) akataka meza ya kusomea. Tukaenda watatu Nyakato kutafuta fundi, na daladala ikatushusha palepale. Kabla sijapata uongo wa kuwapeleka kwingine, baba alikuwa amesimama mlangoni, nywele nyeupe kwa vumbi, kandambili zimetofautiana rangi. Nikasema, "Shikamoo mzee," kama mteja yeyote. Akaniangalia. Akasema, "Marahaba, karibuni wateja." Yule kijana akapatana bei, akatoka anajisifu kwamba mzee amelainika kirahisi. Nyumbani jioni ile baba hakusema neno. Mimi pia. Miaka ikapita.

Kwa hiyo nilipochukua likizo kwenda Mwanza, sikuwa nakwenda kuchonga tu.

Mti una hasira zake

Gogo lilitoka kwa jirani aliyekata mjakaranda uani kwake. Mti wenyewe ni mwepesi, mweupe, unakubali rangi na hausumbui patasi. Ndio maana wachongaji wa Kikamba kule Kenya wanautumia sana. Lakini ulikuwa mbichi, na mti mbichi ukiukereza ukaumaliza siku hiyohiyo, utapasuka kabla hujalipa bili ya umeme. Baba akalipasua gogo katikati ili kiini kisiingie kwenye chombo, maana nyufa huanzia pale. Akakata kwa mashoka mpaka likawa duara, akalifunga kwa skrubu kwenye sahani ya chuma ya mashine, akakereza kwa unene tu: upana sentimita 25, ukuta sentimita 2.5. Hesabu yake ni kwamba ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya upana. Ukiacha mnene zaidi unapasuka, ukiacha mwembamba, mti ukijikunja hutakuwa na nyama ya kusahihisha.

Kisha akakipaka nta ya mshumaa pale nyuzi za mti zinapoishia, akakifunga na magazeti, akakisukuma chini ya kitanda. Nikarudi Dar. Kila Jumamosi alikipeleka kwenye mizani ya muuza duka jirani, na uzito ananitumia kwa meseji. Jamani, katika maisha yangu baba hakuwahi kunitumia meseji kila wiki! Mwezi wa saba namba ikagoma kushuka, wiki tatu ileile. Kimekauka. Nikapanda ndege.

Nilikikuta kimekuwa kama yai, jambo alilolitegemea. Akakirudisha kwenye mashine, safari hii mimi nishike patasi. "Usianze na makali," akasema. "Laza mgongo wa chuma uguse mti kwanza, halafu inua mkono wa nyuma taratibu mpaka ukate." Nikafanya hivyo kama dakika kumi, nikajiona bomba. Nikaanza kuongea. Makali yakaingia mdomoni mwa chombo, mlio kama risasi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kikaruka mpaka ukutani.

Nilitaka kulia. Baba akazima mashine, akapitisha kidole kwenye pengo. "Mdomo huu hautakuwa duara. Utakuwa mawimbi." Akachora kwa penseli mawimbi kuzunguka mdomo wote, pengo langu likawa bonde mojawapo.

Magamba ya sato

Kutafuta nakshi tulikwenda Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Musoma. Pale ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma, kazi aliyoianzisha Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na ikawa makumbusho rasmi mwaka 1968. Nilikwenda kuangalia ngoma za watemi na viti vyao. Kilichonishika ni maelezo ya namna Wasukuma wa zamani walivyohesabu: kila rika lilikuwa na maneno yake ya moja hadi kumi, na rika lingine halikuelewa. Nikamtazama baba. Alikuwa anapima kwa vidole mguu wa kiti cha mtemi.

Nakshi tuliipata kwingine kabisa, Mwaloni Kirumba, kwenye sato wa chakula cha mchana. Mkanda wa juu ukawa magamba ya samaki, sehemu ya chini ikawa mawe ya Mwanza.

Kugawa magamba sawasawa kuna ujanja. Zungusha ukanda wa karatasi kwenye chombo, kata pale ncha zinapokutana, ukunje nusu, nusu tena, na tena, mpaka upate sehemu 32. Ufungue, uweke alama. Mstari wa pili anza katikati ya alama za mstari wa kwanza, ndivyo gamba linavyolala juu ya lenzake. Msasa umalize kabla hujachonga, maana baadaye utakula kona zote. Nilitumia bobari ndogo kwa tao la gamba na patasi bapa kushusha ukingo wa chini yake. Siku mbili, magamba 96, malengelenge matatu. Ukuta tulikuwa tumeuacha sentimita moja ili nisitoboe.

Mawe tuliyafanya kwa msumari uliosagwa ncha ikawa duara: gonga, gonga, gonga, matundu yakaribiane bila mpangilio. Ukiyapanga mstari yanaonekana kama kitambaa. Umeme ulikatika mara mbili. Kwa kazi hii wala hatukuuhitaji.

Kisha rangi. Kwenye magamba tulitanguliza sila, ile dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao, ndipo nikapaka nyeusi na kuifuta juu kwa kitambaa, ikabaki kwenye mifereji tu. Kwenye mawe, nyeusi nyepesi iliyoingia kila tundu. Ilipokauka, kijivu na kijani kidogo kwa brashi karibu kavu, ikigusa migongo tu na kuacha weusi chini. Brashi ikiwa na rangi nyingi umeharibu.

Hapo, brashi mkononi, nikiwa nimempa mgongo, nikasema. "Baba, ile siku niliyokuja na wenzangu kutafuta meza."

Kimya. Nikasikia anapuliza vumbi kwenye bobari.

"Ile ya yule kijana mrefu?"

"Ndiyo."

"Nilimpunguzia nusu ya bei. Ilikuwa chini ya pesa ya mbao." Akaendelea kunoa. "Nilidhani umeona. Mgeni wa mwanangu nitamtoza bei ya mteja?"

Nilimwomba radhi, kwa maneno yote, maana kwenye ukurasa huu nimewaambia wangapi wafanye hivyo? Akasema, "Haya. Angalia brashi inadondosha." Na kweli ilidondosha. Kuna doa la kijani karibu na kitako, halijatoka mpaka leo.

Kwenye send-off MC aliniita nitambulishe zawadi. Nikasema imekerezwa na baba yangu, fundi wa Nyakato, asimame. Akasimama, suti ya kukodi, kandambili hazikuwepo. Shangazi kutoka Magu akakipokea chombo, akakigeuza, akachungulia ndani na kuuliza kama kinafaa kwa maziwa mgando.

"Hapana," baba akajibu toka mezani kwake. "Hicho kina rangi. Cha maziwa nitakukerezea, lete gogo."

Ameshalileta. Safari hii ni la mwembe, na liko chini ya kitanda.