Gitaa la besi: Fedha za mavuno zisiishie kwenye rangi

MAHARAGE yakishauzwa katika nyanda za juu za Kigoma, fedha huwa na safari nyingi: ada ya watoto, bati za nyumba, mbolea ya msimu unaofuata. Kasulu na Kibondo kuna safari nyingine isiyoandikwa kwenye vitabu vya ushirika, nayo ni mchango wa vyombo vya muziki. Wanakwaya huchangishana, vijana wanaopiga kwenye harusi huweka akiba, na ununuzi unaomeza fedha nyingi mara nyingi ni gitaa la besi pamoja na spika yake.

Umuhimu wa chombo hiki hauhitaji maelezo marefu katika ukanda huu. Muziki wa Kongo uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tu, na tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu imehifadhi wakimbizi kutoka nchi hiyo. Anayeufahamu muziki huo anajua kwamba magitaa ya solo na ridhimu hayana pa kusimama kama besi haipo.

Tatizo ni kwamba anayetumwa kununua mara nyingi siye anayepiga. Mwenyekiti au mtunza hazina hufunga safari hadi mjini, huchagua gitaa linalong'aa kuliko mengine, na kurudi nalo kwa shangwe. Baada ya mvua za kwanza shingo imepinda, nyuzi zimeinuka juu mno, na mpigaji analalamika vidole. Fedha za mavuno zimeshakwenda.

Mpigaji anataka nini

Gitaa la besi la umeme linalotumika leo lilipata umbo lake mwaka 1951, Leo Fender wa California, Marekani, alipotoa besi aliyoiita Precision. Kabla ya hapo besi ilikuwa chombo kikubwa cha kusimamisha, kizito kubeba na kigumu kusikika mbele ya ngoma na tarumbeta. Fender alikilaza chombo, akakipa freti ili sauti itoke sawasawa, na akaweka urefu wa inchi 34, yaani milimita 864, kutoka daraja la juu hadi la chini. Kipimo hicho ndicho cha kawaida hadi leo.

Jambo la kwanza kwa mpigaji ni shingo. Nyuzi nne zikikazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 80, sawa na kuning'iniza karibu gunia zima la mahindi kwenye mti mwembamba. Ndiyo maana ndani ya shingo huwekwa nondo ya chuma inayoweza kukazwa na kulegezwa. Gitaa lisilo na nondo hiyo, au ambalo skrubu yake imekwama, si la kununua hata likiuzwa kwa bei ya kutupa. Njia rahisi ya kukagua ni kulishika kama bunduki na kutazama ubao wa vidole kuanzia mwisho mmoja, mpindo utaonekana.

La pili ni uzito. Besi ya kawaida ina kilo 3.5 hadi 4.5. Tofauti ya kilo moja haionekani dukani, lakini kwenye mkesha wa usiku kucha bega litaisema. Mkanda mpana husaidia. Aidha, kichwa cha gitaa kisiwe kizito kuliko kiwiliwili, kwa sababu mpigaji atatumia mkono wa kushoto kukibeba badala ya kupiga.

La tatu ni mkono wenyewe. Kijana anayeanza, au mtu mwenye vidole vifupi, anapata nafuu kwa besi fupi ya inchi 30. Anayetumia mkono wa kushoto ana shida zaidi, kwa kuwa maduka mengi huleta magitaa ya mkono wa kulia tu.

Nyuzi nne au tano

Kwenye kwaya nyingi mjadala mkubwa ni idadi ya nyuzi. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutetemeka mara 41 kwa sekunde; uzi wa tano unaoongezwa chini yake hutetemeka mara 31. Faida ni kwamba mpigaji anashuka chini zaidi bila kubadili nyuzi pale mwimbaji anapotaka wimbo ushushwe.

Hata hivyo, spika ndogo haiwezi kutoa mitetemo hiyo, na spika za honi zinazofungwa juu ya paa ndizo kabisa. Kikundi kinacholipia uzi wa tano na kupigia spika ndogo kimelipia sauti isiyosikika, na kikilazimisha kitachana spika. Kwa kikundi kinachoanza, ni heri nyuzi nne na spika nzuri. Bei ya seti ya nyuzi nayo iulizwe mapema, kwani seti ya nyuzi tano hugharimu zaidi na huwa adimu kuipata.

Betri na mngurumo

Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa ulifika Kasulu na Kibondo, miji ambayo kwa miaka mingi ilitegemea jenereta za dizeli. Vijijini, hata hivyo, mikutano mingi ya injili na harusi bado hutegemea jenereta ndogo, na hapo ndipo mngurumo unapoingia kwenye spika.

Chanzo kimojawapo ni pikapu, si ile gari, bali sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi ambayo hugeuza mtetemo kuwa umeme. Pikapu yenye koili moja hudaka mngurumo pamoja na muziki. Zile za koili mbili, zikiwemo zilizogawanywa vipande viwili ambazo Fender alianza kuzitumia kwenye Precision mwaka 1957, hufuta sehemu kubwa ya mngurumo huo. Kwa mpigaji wa kijijini hilo lina maana kuliko rangi.

Magitaa mengine yana kikuza sauti cha ndani kinachotumia betri ya volti 9, ile ya mraba. Yana vitufe vingi na sauti yenye nguvu, lakini betri ikiisha katikati ya ibada, mengi hunyamaza kabisa. Anayenunua la aina hiyo awe na betri ya akiba mfukoni, na achomoe waya kila anapomaliza, kwa sababu ukiachwa umechomekwa betri inaendelea kuliwa.

Mbao zipo, vyuma havipo

Kwa mafundi seremala wa Kasulu na Kibondo, hapa kuna kazi. Misitu ya miombo ina mninga, mbao inayosifika kwa kutosinyaa wala kupinda ikishakauka, na mafundi wa magitaa wa nje huitafuta kwa kazi hiyo hiyo. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini. Haufai kiwiliwili, lakini kipande chembamba hufaa ubao wa vidole.

Fundi anunue mbao zenye leseni ya uvunaji na hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, la sivyo atapoteza mbao na faini juu yake. Mbao ya inchi moja huhitaji takriban mwaka mmoja kukauka kivulini. Anayeharakisha atauza gitaa litakalopinda. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua, hivyo kitambaa au barakoa ni lazima.

Kazi ngumu zaidi ni kupanga freti, nayo ina hesabu yake. Chukua milimita 864, gawanya kwa 17.817, utapata 48.5, hapo ndipo freti ya kwanza kutoka daraja la juu. Urefu uliobaki, 815.5, ugawanye kwa namba ile ile, utapata 45.8 kutoka freti ya kwanza hadi ya pili. Endelea hivyo hivyo. Freti ya 12 lazima iangukie katikati kabisa, milimita 432. Isipoangukia hapo, hesabu irudiwe kabla ya msumeno kugusa mbao.

Lakini nyuzi, pikapu, vifungo vya kukazia nyuzi na nondo ya shingo vinatoka nje ya nchi. Fundi akivinunua kimoja kimoja anaweza kujikuta gitaa lake ni ghali kuliko la dukani. Kwa hiyo si busara kuanza na gitaa zima. Biashara ya karibu zaidi ni masanduku ya mbao nyepesi ya kubebea, maana gitaa linalosafiri kwa bodaboda au juu ya basi huvunjika kichwa. Kisha matengenezo ya shingo na freti. Kisha viwiliwili vipya kwa magitaa ambayo vyuma vyake bado vizima. Oda ya mtu wa mkono wa kushoto inaweza kuwa ya kwanza kulipa gitaa zima. Ofisi ya SIDO mkoani Kigoma ni mahali pa kuuliza habari za mafunzo na mitaji kwa viwanda vidogo.

Kwa wanunuzi, somo ni fupi. Aliyechaguliwa kupiga aende dukani pamoja na mshika fedha. Apige akiwa amesimama, robo saa nzima, kila uzi kwenye kila freti. Bajeti igawanywe kabla ya safari: gitaa, spika, waya, seti ya akiba ya nyuzi na sanduku. Kikundi kinachomaliza mchango wote kwenye gitaa pekee kitarudi na chombo kizuri cha kutundika ukutani, na wanakikundi watasubiri maharage ya msimu mwingine ndipo wakisikie.