Beetle Inakohoa, Plagi Nyeusi: Nunua Nini, Acha Nini

Volkswagen Beetle ikianza kukohoa na kutoa moshi mweusi, gereji watakuambia ubadilishe kabureta. Kataa kwanza. Katika matengenezo ya aina hii hicho ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote, na mara nyingi sicho chenye kosa.

Anza na kazi ya bure: fungua plagi zote nne uzitazame. Ncha ikiwa kahawia hafifu au kijivu, injini inaunguza vizuri. Ikiwa nyeupe, hewa inazidi petroli na injini inapata joto kupita kiasi. Masizi makavu maana yake petroli inazidi hewa, au cheche ni hafifu. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, ringi au gaidi za valvu zimechoka; funga pochi, anza kuweka akiba ya kushusha injini, maana plagi mpya zitachafuka tena.

Tuseme umekuta masizi makavu. Tazama waya wa choki. Kwenye injini za 1600 zenye kabureta ya 34 PICT-3, zilizoingia miaka ya 1970, choki hufunguliwa na joto la umeme. Waya ukichomoka, choki inabaki imefunga na plagi zinajaa masizi. Kuurudisha waya hakuna bei. Ubavuni mwa kabureta hiyo hiyo kuna valvu ndogo ya umeme. Waya wake ukilegea, gari linazima kila likikaa sailensa. Wapo walionunua kabureta nzima kwa sababu ya waya huo.

Chujio la hewa la Beetle nyingi ni la bakuli la oili. Linaoshwa na kuwekwa oili safi, halinunuliwi.

Sasa plagi. Kuzisugua kwa brashi na petroli kunatosha kama bado changa. Zikishapita kilomita 20,000 hivi, unajichelewesha tu. Nunua seti ya kawaida, ya nikeli. Muuzaji wa Kariakoo atakusifia iridiamu. Piga hesabu: tuseme ya kawaida ni shilingi 7,000, nne ni 28,000, nne za iridiamu zinaweza kukaribia 100,000. Zinadumu zaidi, ni kweli, lakini mchanganyiko mbovu wa petroli na hewa utazipaka masizi vilevile. Usilipe.

Sema vipimo dukani: kipenyo cha uzi milimita 14, urefu wa uzi milimita 12.7. Yenye uzi mrefu zaidi inaweza kugonga pistoni. Gharama iliyofichika iko kwenye kufunga: silinda hedi ni ya aloi laini, na fundi mwenye haraka huua uzi, kisha unalipia kuuchonga upya. Zifungwe injini ikiwa baridi, mwanzo kwa mkono. Na uonyeshwe plagi nne kuukuu. Ya silinda namba 3 imejificha, hivyo huachwa humo humo huku wewe ukilipia nne.

Cheche ikiwa hafifu, pointi na kondensa ni bei ndogo kuliko plagi nzuri. Pointi ziachane milimita 0.4, plagi 0.6 hadi 0.7. Ziwekwe sawa kabla mtu hajagusa skrubu za kabureta. Vinginevyo utalipia kuseti mara mbili.

Zikibaki lawama kwa kabureta, itikise shafti ya kipepeo cha chini kwa vidole. Kama haichezi, nunua pakiti ya gasketi, sindano ya floti na kiwambo cha pampu, kabureta isafishwe na jeti zipulizwe. Hiyo ndiyo thamani bora ya pesa. Kama inacheza, inavuta hewa pembeni, na pakiti haitasaidia. Mpelekee fundi wa kuchonga vyuma aweke bushi. Kabureta kuukuu ya gari lililochinjwa ni nafuu, ila mara nyingi ina ugonjwa huo huo. Nakala mpya inang'aa, lakini jeti zake huenda zisilingane na injini yako, na ukiiagiza nje ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18.

Ukiambiwa injini ishushwe ili kabureta itoke, ondoka. Inashikwa na nati mbili tu.

Hakikisha bei ya ufundi inajumuisha kuseti sailensa, takriban mizunguko 850 kwa dakika, injini ikiwa imepata moto.

Chenji itakayobaki, nunua mpira mpya wa petroli na klipu zake. Uliopasuka huvujia juu ya injini yenye moto, na Beetle nyingi zimeteketea hivyo.