Likelemba ya ugonjwa: tuhesabu kabla ya kulazwa

Wamama wenzetu, mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa Mangobo alipasuliwa ili azae. Mtoto mzima, mama mzima, tulimshukuru Mungu. Lakini alibaki juma mbili zaidi kitandani, si kwa ajili ya kidonda, ila kwa ajili ya deni la hospitali. Tulichangishana, haikutosha. Mwishoni mume wake aliuza kinga yake ya toleka. Mama alirudi nyumbani, na chakula cha nyumba kikaenda na kinga.

Tangu siku hiyo tunaulizana: likelemba yetu inatununulia masufuria na vikwembe, kwa nini isitulinde na deni la hospitali?

Tofauti iko hapa. Katika likelemba kila mmoja anafikiwa na zamu yake. Katika mutueli ya afya unaweza kulipa mwaka mzima usiguse hata franga. Mama mmoja aliuliza katika mkutano, kwa hasira kidogo: “Nisipogonjwa, feza yangu imekwenda wapi?” Imekwenda Mangobo, mama. Na ikiwa tutaingia tu wakati tumbo limekuwa kubwa, mfuko utaisha kabla ya miezi mitatu. Ndiyo sababu inafaa nyumba nzima iingie, wazima na wagonjwa, na kwa majira moja.

Wenzetu wa Bwamanda, kule Ubangi, walianza hivyo mwaka 1986. Walilipa mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mavuno, kila mtu kiasi cha bei ya kilo mbili hivi za soya. Mwanachama aliyelazwa alilipa asilimia 20 tu ya gharama. Lakini alipaswa kupita kwanza kwenye kituo cha afya na kupewa karatasi ya kutumwa hospitali. Wengine wataona ni kuzungushwa. Sisi tunaona hapo ndipo feza ilipookolewa, kwa sababu malaria ya kawaida haina haja ya kitanda cha hospitali kubwa.

Wanachama walilazwa karibu mara mbili kuliko wasio wanachama. Si kwamba walikuwa wagonjwa zaidi. Hawakungoja mpaka hali iharibike. Lakini waliokaa karibu na hospitali ndio waliofaidi zaidi. Wamama wa Lubunga, mnaovuka mto kwa pirogi, neno hilo linawahusu: tusikubali mutueli isiyo na kituo upande wenu.

Kuna jambo lingine, tuliseme bila kuficha. Vituo vyetu vingi vinaishi kwa feza ya wagonjwa, kwa kuwa mshahara wa serikali ni mdogo au haufiki. Ukilipa kila sindano peke yake, sindano zinaongezeka. Ukilipa bei moja kwa ugonjwa wote, sindano za bure zinapungua, lakini muuguzi anaweza kushawishika kukupa dawa pungufu. Kwa hiyo mkataba wetu na kituo uandike bei moja na pia dawa zipi zinaingia humo, na wamama wawili wetu wapite kila mwezi kuwauliza waliotibiwa.

Sheria ipo: ile ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inaongoza mutueli katika nchi yetu. Mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo nao ulianza Kinshasa mwezi wa tisa 2023. Ulizeni kwenye kituo chenu kama kimo. Hata kikiwa humo, mpango huo unashughulika na uzazi. Mtoto akishikwa na malaria mwaka ujao, deni ni lenu.

Katika mkutano ujao kila mama alete hesabu ya feza aliyotoa kwa dawa na kulazwa mwaka huu, hata kama ni kwa kukumbuka tu. Asiyejua kuandika, mwanawe amwandikie. Kwa hesabu hizo ndipo tutapanga mchango wa kila nyumba.