Je, Wajua? Jiji Lililoanzia Kwenye Karatasi

Abiria wa treni anayepita Gulwe, wilayani Mpwapwa, akielekea Dodoma, anaingia katika jiji lililowazwa kwanza kwa penseli. Mwaka 1973 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua kuhamishia huko makao makuu ya Tanzania. Mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ikakamilisha mpango wa jiji. Wachoraji hawakuota maghorofa ya kugusa mawingu. Walifuata fikra za ujamaa: makazi yenye shule na maduka ya karibu, njia za waendao kwa miguu, na basi kutangulizwa mbele ya gari binafsi. Karatasi ilisubiri sana: Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016.