Filamu za 'Mbube': watazamaji wabishana kuhusu ukweli wa kisa cha Solomon Linda

Johannesburg

Ni vigumu kumpata mtu, awe Tanga au Toronto, ambaye hajawahi kuusikia wimbo unaojulikana kwa Kiingereza kama The Lion Sleeps Tonight. Watoto wetu waliozaliwa ughaibuni wanaujua kutokana na filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, ile ile iliyochukua neno letu simba ikalifanya jina la mtu, na kuitangaza "hakuna matata" kote duniani. Wasichokijua wengi wao ni kwamba wimbo huo ulizaliwa hapa Johannesburg mwaka 1939, ukaitwa Mbube, yaani simba kwa Kizulu, na kwamba mtunzi wake, Solomon Linda, alikuwa akifanya kazi ya kupakia santuri katika kiwanda cha kampuni ya Gallo huko Roodepoort.

Kuhusu mtu huyo kuna filamu mbili za makala zinazotajwa sana. Ya kwanza ni A Lion's Trail ya mwaka 2002, iliyotengenezwa na François Verster wa Afrika Kusini, ambayo baadaye mwaka 2006 ilipata tuzo ya Emmy nchini Marekani. Ya pili ni The Lion's Share, iliyoongozwa na Mmarekani Sam Cullman na kuoneshwa na Netflix mwaka 2019 katika mfululizo wa ReMastered. Hii ya pili ndiyo iliyowafikia watu wengi zaidi, na ndiyo iliyozua maneno. Tumeitazama pamoja na wenzetu wanaozungumza Kiswahili hapa mjini, Watanzania, Wakenya na Wakongo, katika nyumba moja ya kupanga mtaa wa Yeoville. Majirani wawili wa Kizulu nao walikuwapo. Filamu yenyewe haifiki saa moja na nusu, lakini mjadala uliofuata ulikwenda hadi usiku wa manane.

Swali lilikuwa moja tu: je, haya tuliyoyaona ndivyo yalivyokuwa?

Kwanza tuseme yale ambayo hakuna aliyeyabishia. Linda alizaliwa mwaka 1909 karibu na Pomeroy, wilaya ya Msinga, katika nchi ya Wazulu. Mwaka 1931 alifunga safari kuja Johannesburg kutafuta kazi, kama walivyofanya maelfu ya vijana wa zama zile. Alifanya kazi katika duka la samani, kisha katika hoteli ya Carlton. (Hiyo ni Carlton ya zamani, si lile jengo refu la miaka ya 1970 ambalo wageni huoneshwa leo.) Kundi lake, Evening Birds, lilikuwa la wanaume watupu, na yeye ndiye aliyeimba sauti ya juu kabisa, nyembamba kama ya mwanamke, huku wenzake wakimwekea msingi mzito wa besi. Mtafuta vipaji wa Gallo, Griffith Motsieloa, aliwasikia na kuwapeleka studio. Hadi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 santuri ya Mbube ilikuwa imeuza zaidi ya nakala 100,000, na jina la wimbo likawa jina la aina nzima ya uimbaji, ambayo leo tunaifahamu zaidi kwa jina la isicathamiya. Bila ya Linda, Ladysmith Black Mambazo wasingekuwa hivi walivyo.

Baada ya hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu. Santuri ilivuka bahari na kumfikia Mmarekani Pete Seeger, ambaye alilisikia neno la Kizulu vibaya akaliandika Wimoweh. Kundi lake la The Weavers likapata umaarufu kwa wimbo huo mwaka 1952. Mwaka 1961 George Weiss aliandika maneno mapya ya Kiingereza, vijana wa The Tokens wakauimba, na ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka uliofuata, 1962, Solomon Linda alifariki kwa maradhi ya figo, akiwa fukara. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila ya jiwe.

Sasa tuje kwenye maoni ya watazamaji.

Lililowakera wengi, na sisi tunakubaliana nao, ni kwamba katika The Lion's Share anayebeba kisa si Linda wala binti zake, bali ni mwandishi wa habari Rian Malan. Hapana shaka kwamba Malan ana haki ya kuwemo. Makala yake katika jarida la Rolling Stone mwaka 2000 ndiyo iliyoufumbua macho ulimwengu, na bila ya makala hiyo pengine kusingekuwa na kesi yoyote. Lakini dada mmoja kutoka Mombasa aliuliza kwa nini kila mlango unaofunguliwa katika filamu hufunguliwa na mzungu huyo, na kila machozi ya binti wa Linda sharti yaonwe kwanza usoni kwake. Si kwamba filamu imesema uongo. Kila tukio laweza kuwa la kweli na bado picha nzima ikapinda, kwa sababu ya pale kamera iliposimama.

Mzee mmoja wa Kigoma, fundi cherehani aliyeishi hapa tangu miaka ya 1990, hakukubali. Kwake yeye, anayesimulia si muhimu kama kisa chenyewe kusimuliwa, na alikumbusha kwamba magazeti yaliyokuwa na watu weusi hayakuandika neno juu ya Linda kwa miaka mingi. Hoja hiyo ina uzito wake, ingawa mzee alisahau kwamba katika miaka hiyo mingi watu weusi hawakuwa na magazeti mengi ya kuandikia.

La pili ni zile shilingi 10. Karibu kila anayesimulia kisa hiki husema Linda aliuza haki za wimbo kwa shilingi 10. Mtazamaji akisikia hivyo hupata picha ya mtu aliyetoka studio mwaka 1939 akaweka kidole gumba na kupewa sarafu. Lakini maelezo mengine huiweka karatasi hiyo mwaka 1952, yaani pale Wamarekani walipokuwa tayari wanavuna. Tofauti hiyo si ndogo. Katika hali ya kwanza kampuni ilinunua kitu ambacho hakuna aliyejua thamani yake. Katika hali ya pili kulikuwa na watu waliokwisha kuijua thamani hiyo, na mmoja tu ambaye hakuambiwa. Aidha, baada ya kifo cha Linda kulikuwa na karatasi nyingine zilizotiwa saini na mjane na binti zake. Filamu ikizikusanya zote katika sentensi moja, mtazamaji hupata hasira lakini hapati maarifa.

Hata zile dola milioni 15 zinazotajwa kila mara zilijadiliwa. Hayo ni makadirio ya Malan ya kile ambacho wimbo ulistahili kupata kutokana na The Lion King peke yake. Ni makadirio ya mtu aliyefanya utafiti, lakini ni makadirio. Kadiri yanavyorudiwa ndivyo yanavyogeuka kuwa hesabu ya benki.

Jambo lililotushangaza lilitoka kwa majirani wetu wa Kizulu. Wao hawakuwa na shida na fedha wala na Malan. Shida yao ilikuwa ni neno "mtunzi". Walisema kwamba huko Msinga nyimbo za harusi za wasichana ndizo zilizokuwa chemchemi ya waimbaji wengi, na kwamba kijana akifika mjini alifika na nyimbo za kwao mfukoni. Hili si porojo. Mtaalamu wa muziki Veit Erlmann, aliyefanya utafiti miongoni mwa waimbaji wa Kizulu, aliandika kwamba sauti kuu ya Mbube na sehemu ya kiitikio vilitokana na wimbo wa harusi ambao Linda na wenzake waliupata kwa wasichana wa Msinga, wakabadili maneno ili kukumbuka siku zao za kufukuza simba waliowinda ng'ombe wa nyumbani.

Je, hilo linampunguza Linda? Hata kidogo. Sehemu ambayo dunia nzima huiimba bila kuijua, ile sauti ya juu inayoteremka kama ndege, aliibuni papo hapo katika sekunde za mwisho za kurekodi, na Weiss akaivalisha maneno ya Kiingereza. Hiyo ni yake. Lakini filamu inayomwonesha kama mtu aliyeutoa wimbo hewani, peke yake, inawafuta wasichana wa Msinga na inawafuta pia wale wenzake watano walioimba pamoja naye. Wazungu wamezoea mtunzi mmoja aliyekaa na kalamu. Hata hao wa kwao wamewaharibia visa: filamu ya Amadeus ya mwaka 1984 imewaachia mamilioni ya watu imani kwamba Salieri alimuua Mozart, jambo lisilo na ushahidi, ingawa ile angalau haikujiita filamu ya makala.

Sisi Waswahili hatuna haki ya kucheka sana. Malaika tunao. Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba wa hapa Johannesburg akaupeleka duniani, na hadi leo kuna wanaoapa kwamba mtunzi ni Adam Salim. Usiku ule Mkenya na Mtanzania walikaribia kununiana kwa sababu hiyo, na Linda wa watu akasahauliwa kwa muda wa nusu saa.

Upande wa sheria ndio filamu nyingi huupita haraka, nasi tunaona ndio mtamu kuliko yote. Itakumbukwa kwamba mwaka 2004 familia ya Linda, ikiongozwa na wakili Owen Dean, ilifungua kesi dhidi ya Disney mjini Pretoria. Silaha yao ilikuwa sheria ya kikoloni ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini. Kwa mujibu wa sheria hiyo, hata kama mtunzi ameuza haki zake, miaka 25 baada ya kifo chake haki hizo hurudi kwa warithi. Linda alifariki 1962. Kwa hiyo tangu 1987 wimbo ulikuwa mali ya familia katika nchi zote zilizokuwa chini ya sheria hiyo, na The Lion King ilitoka 1994. Ili kampuni ya Marekani iweze kushtakiwa hapa, mahakama iliruhusu kushikiliwa kwa alama zake za biashara zilizosajiliwa Afrika Kusini, akiwemo panya maarufu Mickey Mouse. Panya akatiwa kizuizini! Februari 2006, muda mfupi kabla ya kesi kusikilizwa, yalifikiwa mapatano na kampuni ya Abilene Music iliyokuwa na haki za wimbo huo Marekani. Familia ilikubaliwa malipo ya nyuma na mgawo wa yatakayokuja, na Linda akatambuliwa kuwa mmoja wa watunzi. Kiasi chenyewe hakikutangazwa.

Ni hapo The Lion's Share inapoingia mahali ambapo filamu ya Verster haikuweza kufika, kwa kuwa ilitengenezwa kabla. Inauliza: fedha zilipofika, zilikwenda wapi? Binti za Linda wanaonekana wakiwa na mashaka juu ya usimamizi wa mfuko ulioundwa kwa ajili yao. Baadhi ya tuliotazama nao walitoka wakiamini kwamba akina mama hao wameibiwa mara ya pili. Wengine walisema filamu imepanda shaka bila ya kuonesha hesabu, na kwamba mtu anayetajwa katika filamu ya namna hiyo hana pa kujitetea. Tunaelemea upande huu wa pili. Kuonesha uchungu wa binti ni haki, kwani uchungu ni wa kweli. Ila uchungu hauwezi kuwa ndio risiti.

Dada yule wa Mombasa alikuwa na la mwisho, na hakuna aliyemjibu. Alitaka kujua kwa nini katika filamu zote hizi Linda ni maskini tu. Picha yake inayojulikana inamwonesha yeye na wenzake katika suti za mistari, viatu vya rangi mbili, wamenyooka kama mabwana harusi. Katika mabweni ya wafanyakazi wa Johannesburg alikuwa nyota, wenzake wakimwiga mavazi na sauti. Miaka zaidi ya 20 ya kuimba, na kinachotafutwa ni kitanda chake cha mwisho.

Kwa wasomaji wanaotaka kujionea wenyewe, ushauri wetu ni kuanza na rekodi ya mwaka 1939, ambayo ni rahisi kuipata kwenye intaneti na haifiki dakika tatu. Sikilizeni hasa sekunde za mwisho. Kisha tazameni ya Verster, halafu ya Cullman, kwa mpangilio huo.